Chujio na Kasha Lake: Funzo la Maji kutoka Masasi na Newala

Ni mahali pachache katika Tanzania ambapo thamani ya maji imefahamika kwa taabu kubwa kama ilivyofahamika katika uwanda wa juu wa Makonde, mwinuko mpana unaoanza upande wa pwani ya Mtwara na Mikindani na kupanda taratibu kuelekea magharibi, hata ukikaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari ukakatika ghafula kwa genge refu, Newala ikakaa ukingoni ikilitazama bonde la mto Ruvuma, na Masasi ikabaki chini, upande wa magharibi, katikati ya milima yake ya mawe matupu. Mvua hunyesha juu ya uwanda huo kwa kadiri ya kustawisha mikorosho, mihogo na mtama. Walakini ardhi yake ni ya mchanga, na maji yanayoshuka huzama moja kwa moja, hayaachi juu yake mto wala ziwa, yakaja kudhihiri tena chini kabisa, katika chemchemi za miguuni pa genge, mbali na nyumba ya yule aliyeyahitaji.

Wazee wa Kimakonde walikuwa na masimulizi, ambayo mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule aliyaandika alipozuru Masasi na Newala mwaka 1906, ya kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake nyikani, akachonga sanamu ya mti, na sanamu ile ikageuka kuwa mwanamke akawa mkewe. Walipokaa karibu na mto mtoto wao alizaliwa maiti, wala hawakupata mtoto wa kuishi mpaka walipohamia juu uwandani, na kwa hiyo wakawausia vizazi vyao wakae juu na kujitenga na mabonde yenye maji. Msomaji wa leo, aliyefundishwa habari za mbu na malaria, kipindupindu na homa ya matumbo, hawezi kuudharau wosia huo, kwa kuwa ndani yake mna maarifa ya watu ambao hawakuwa na hadubini lakini walikuwa wameona kwa macho yao kwamba maji ya bondeni huja na maradhi yake. Fauka ya hayo, vichaka vizito vya uwanda vilikuwa ngome. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Unguja, iliposhambuliwa mwaka 1882 na Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, makimbilio yalikuwa Newala, kwa Sultani Matola. Bei ya salama hiyo ya juu ililipwa vizazi kwa vizazi na wanawake, walioteremka genge na mitungi mitupu na kulipanda tena wamejitwika maji yasiyotosha zaidi ya siku moja.

Hali hiyo ilianza kubadilika katika miaka ya 1950, lilipoundwa shirika la maji la Makonde, likatandaza mabomba, likasukuma maji kutoka bondeni na kuyauza kwa debe katika vituo vya vijijini. Baada ya uhuru, serikali yetu ikisaidiana na Ufini ilitengeneza mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, uliotolewa mwaka 1977, na kazi za mabomba, visima na pampu za mkono zikaendelea kwa miaka mingi. Leo visima vya Mitema katika bonde la Kitangari ndivyo tegemeo kubwa la Newala na Tandahimba, na Masasi pamoja na Nachingwea hupata maji ya chemchemi za Mbwinji. Watu wengi hufungua bomba bila kufikiri nguvu iliyotumika. Lakini kuinua tani moja ya maji, yaani mita moja ya ujazo, kwa kimo cha mita 500, kwahitaji takriban yuniti 1.4 za umeme hata kama pampu isingepoteza chochote, na hakuna pampu isiyopoteza. Na kila mita 100 za kimo huongeza mkandamizo wa karibu baa 10 ndani ya bomba lililo chini. Chembe za mchanga zikipenya katika mashine zinazofanya kazi kwa nguvu namna hiyo hula mapanga ya pampu, na kukwaruza valvu mpaka zisiweze kufunga.

Maji yaliyogharimiwa hivyo ni amana, na kusudi la makala haya ni kueleza chombo kimoja ambacho kazi yake ni kuitunza amana hiyo katika hatua zake za mwisho, viwandani, hospitalini, hotelini na hata majumbani: kasha la filta, ambalo mafundi wengine huliita haozingi, na katriji inayokaa ndani yake. Katriji hutajwa sana, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa kila mara na ndiyo inayoonekana imechafuka. Kasha husahauliwa, kwa kuwa hukaa ukutani miaka kadha wa kadha likiwa limefungwa. Nami nasema tangu mwanzo neno ambalo maelezo yatakayofuata yatalithibitisha: ubora wa chujio hauwezi kupita ubora wa kasha linalolishika, wala ubora wa kasha hauwezi kupita uangalifu wa mtu anayelitunza.

Kwanza yafaa tujue kinachochujwa. Maji, hata yakiwa maangavu machoni, huchukua vitu vingi ndani yake: mchanga na udongo mfinyanzi kutoka ardhini, kutu na magamba kutoka katika mabomba, ukungu wa matangi, na viumbe hai vidogo visivyohesabika. Ukubwa wa vitu hivyo hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikroni 70, na jicho zima hushindwa kuona kitu kilicho chini ya mikroni 40 hivi. Kidudu cha kipindupindu kina unene wa karibu nusu ya mikroni na urefu wa mikroni mbili hivi. Na virusi vingi ni vidogo hata chini ya sehemu moja ya kumi ya mikroni. Kutokana na hesabu hiyo yadhihirika kwamba weupe wa maji katika bilauri si hoja ya usafi wake, na kwamba mtu anayenunua filta bila kuuliza ni ya mikroni ngapi amenunua jina tu.

Ilimu ya kuchuja ilipata heshima yake kwa msiba. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, nchini Ujerumani, mji uliokuwa ukigawiwa maji ya mto Elbe bila kuchujwa, kikaua watu zaidi ya 8,000. Lakini mji wa Altona, uliopakana nao mtaa kwa mtaa na kuchota maji ya mto ule ule, tena upande wa chini ambako uchafu wote wa Hamburg ulishukia, ulisalimika kwa sehemu kubwa, kwa sababu maji yake yalipitishwa polepole katika vitanda vya mchanga kabla ya kugawiwa. Miaka minane kabla yake, mwaka 1884, Charles Chamberland, msaidizi wa Louis Pasteur mjini Paris, alikuwa amebuni chujio la mrija wa kauri isiyotiwa rangi ya kung'aa, ambao maji yalipenya kuta zake kutoka nje kwenda ndani na kuviacha vijidudu nje. Na mwaka 1891 Wilhelm Berkefeld wa Ujerumani alitengeneza mrija kama huo kwa udongo wa magamba ya vijimea vya majini vya zama za kale, ukapitisha maji kwa wepesi zaidi. Mirija hiyo miwili ndiyo mababu wa katriji za leo, kwani mambo matatu yaliyokuwamo humo yamo hata sasa: ukuta wenye matundu madogo, maji yanayopita kutoka nje kwenda ndani, na chombo cha kuyatenga maji machafu yasikutane tena na yaliyokwisha safishwa.

Katriji ya kawaida ya viwandani ni mrija wenye kipenyo cha inchi mbili na nusu, na urefu wake ni inchi 10, 20, 30 au 40. Vipimo hivyo vimekubaliwa na watengenezaji wengi duniani, hata katriji ya nchi moja hukaa katika kasha la nchi nyingine. Katika maumbile yake ziko namna tatu zinazoonekana sana madukani. Ya kwanza ni ya uzi uliozungushwa juu ya mrija wenye matundu, tabaka juu ya tabaka. Ya pili ni ya plastiki ya polipropilini iliyoyeyushwa na kupulizwa ikawa nyuzi laini zilizoshikamana kama sufi. Na ya tatu ni ya karatasi au utando mwembamba uliokunjwa marinda ili eneo kubwa lienee mahali padogo. Namna mbili za kwanza hunasa uchafu katika kina cha ukuta wao, na kwa hiyo hustahimili maji yenye tope. Ya tatu hunasa zaidi juu ya uso wake, nayo hufaa mwishoni, maji yakiwa yamekwisha pungua uchafu, kwa ajili ya kazi inayotaka uhakika.

Atakaye kuamini kwamba chujio hufanya kazi kwa kina, na achukue katriji ya polipropilini iliyokwisha maliza muda wake, aikate kwa msumeno kati kwa kati, atazame kidonda chake. Ukingo wa nje huwa mwekundu wa udongo au kahawia ya kutu, mzito, unaoteleza ukiugusa. Kadiri unavyoelekea ndani rangi hupungua, ikawa ya manjano hafifu, na karibu na tundu la katikati nyuzi huwa bado nyeupe. Katriji iliyo hivyo imetumika sawasawa. Lakini ukiikuta nyeupe pande zote baada ya miezi mingi ya kazi, ilhali maji yaliyoingia yalikuwa na rangi, usifurahi. Yaelekea maji hayakupita humo, yamepata njia nyingine. Na ukiona mstari mmoja mweusi kutoka nje mpaka ndani, hapo pana ufa, na uchafu wote uliokusudiwa kuzuiwa umekwenda zake kwa bomba.

Yako tena maneno mawili ambayo mnunuzi hana budi kuyauliza. Katriji moja huandikwa mikroni 5 kwa makisio, maana yake ni kwamba hunasa sehemu kubwa ya chembe za kadiri hiyo, wala hakuna mapatano ya dunia nzima juu ya sehemu hiyo ni kiasi gani; nyingine huandikwa mikroni 5 kwa uhakika, maana yake imejaribiwa na kuonekana kuzuia karibu chembe zote za kadiri hiyo. Bei zao hazilingani, na kazi zao hazilingani. Kwa kulinda pampu na koki dhidi ya mchanga, ile ya makisio yatosha. Kwa dawa ya sindano, ambayo huchujwa kwa utando wa mikroni 0.2 ili vijidudu visipenye, makisio hayana nafasi kabisa. Katika viwanda vya dawa utando kama huo hujaribiwa kabla na baada ya kazi: huloweshwa, kisha hewa husukumwa upande mmoja kwa mkandamizo unaoongezwa polepole, na mkandamizo unaotoa mapovu ya kwanza upande wa pili hueleza ukubwa wa tundu lililo kubwa kuliko yote.

Sasa na tufike kwenye kasha lenyewe. Kasha ni chombo cha mkandamizo chenye kichwa na mwili. Kichwani mna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na vichwa vingi vina mshale unaoonyesha njia ya maji. Mwili ni bakuli refu linalofungwa kwa nyuzi za parafujo, au kwa mkanda wa chuma, au kwa boliti zenye mikono. Juu huwekwa koki ndogo ya kutolea hewa, kwa sababu hewa iliyonaswa ndani huifanya sehemu ya katriji ikae kavu bila kazi. Chini huwekwa koki ya kumwagia, ili maji machafu yatoke kabla ya kufungua. Makasha madogo, yenye katriji moja, aghalabu ni ya plastiki, mengine maangavu ili mtu aone kilichomo. Makubwa ya viwandani ni ya chuma kisichoshika kutu, nayo hubeba katriji tatu, tano, saba, hata mia na zaidi, zilizosimama wima juu ya bamba lenye matundu. Maji huingia na kuzizunguka katriji zote, hupenya kuta zao, huteremka ndani ya mirija yao na kutoka chini ya bamba. Bamba hilo ndilo mpaka: juu yake yote ni machafu, chini yake yote ni safi, na ulimwengu mzima wa kuchuja wategemea mpaka huo usivuje.

Hapa ndipo siri ilipo, na ndipo hasara nyingi huanzia. Kila katriji hugusana na bamba lake mahali padogo, na mahali hapo hufungwa kwa namna moja kati ya mbili. Katriji za bei nafuu huwa na midomo wazi juu na chini, nazo hubanwa na springi na kifuniko mpaka ukingo mkali wa chuma ujikite katika ncha zao; katriji za kazi nyeti huwa na kichwa chenye pete mbili za mpira, ambazo mafundi huziita oringi, na hushindiliwa ndani ya tundu lililochongwa kwa kipimo halisi. Springi ikichoka, au oringi ikikauka na kupasuka, au mtu akiweka katriji iliyo fupi kidogo kuliko kasha, hutokea upenyo usioonekana kwa jicho, na maji, ambayo tabia yake ni kufuata njia rahisi, huacha kuta za chujio na kupita pale. Kununua katriji ya thamani na kuiweka katika kasha lenye upenyo ni kulifunga ghala la korosho kwa kufuli imara na kuacha dirisha lake wazi. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba haipigi kelele: maji hutoka kwa wingi, mwenye kiwanda hufurahi, na uchafu hupita ukiwa umepewa jina la usafi.

Kwa ajili ya hayo, kasha la viwandani halikamiliki bila geji mbili za mkandamizo, moja kabla ya chujio na moja baada yake. Tofauti ya namba zao ndiyo lugha ya katriji. Ikiwa mpya na safi, tofauti huwa ndogo sana. Kadiri inavyoziba, geji ya kuingilia hupanda na ya kutokea hushuka, na watengenezaji wengi huagiza ibadilishwe tofauti inapokaribia baa moja hadi moja na nusu, kwa maana ikizidi sana ukuta wake huweza kubonyea na kuachia kwa mara moja uchafu wote uliokusanywa kwa wiki nyingi. Kinyume chake pia kina maana: tofauti iliyokuwa ikipanda siku kwa siku ikashuka ghafula bila katriji kubadilishwa ni dalili ya kupasuka au kuhama, na mtunzaji mwenye akili hufunga koki siku hiyo hiyo. Kubadilisha kwa kalenda tu, kila mwezi, katriji iwe imeziba au haikuziba, ni kutupa mali wakati wa kiangazi na kuchelewa wakati wa masika, tope linapokuwa jingi.

Kazi ya kubadilisha yataka adabu yake. Fundi hufunga koki ya kuingilia kisha ya kutokea, hufungua koki ya hewa mpaka geji zisome sifuri, humwaga maji kwa chini, ndipo afungue mwili. Anayetangulia kufungua mwili ilhali mkandamizo ungalimo hujitia hatarini, kwa kuwa kifuniko chaweza kuruka. Hutoa katriji iliyochakaa kwa kuinua bila kuigonga, huosha bakuli kwa maji safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, hutazama kiti cha kila katriji kwa tochi, hupapasa oringi kwa kidole kutafuta mikwaruzo, huipaka mafuta ya silikoni yanayoruhusiwa kwa chakula, na kamwe haipaki mafuta ya gari, ambayo huufanya mpira wa namna nyingi kuvimba. Katriji mpya hushikwa kwa mfuko wake wa plastiki, wala si kwa mkono mtupu. Kisha hufunga, huachia maji polepole huku koki ya hewa i wazi mpaka hewa iishe, na maji ya kwanza huyamwaga. Mwisho huandika katika daftari tarehe na namba za geji; na katika kiwanda kizuri daftari hilo ndilo kitu cha kwanza ambacho mkaguzi huomba.

Swali la ukubwa nalo lastahili neno. Katriji moja ya inchi 10 na mikroni 5, kwa maji ya kawaida, hupewa kazi ya takriban mita moja ya ujazo kwa saa. Kiwanda kinachohitaji mita 10 kwa saa, basi, huhitaji sawa na katriji kumi za urefu huo, ambazo hupatikana kwa kasha moja lenye katriji tano za inchi 20. Anayeweka nusu ya kiasi hicho kwa kuokoa bei ya kasha huona katriji zake zikiziba upesi mno, kwa kuwa maji yanayosukumwa kwa kasi hushindilia uchafu ndani. Na anayeweka maradufu huzikuta zikiishi zaidi ya maradufu. Kasha hununuliwa mara moja, katriji hununuliwa daima. Kwa hiyo ukarimu katika kununua kasha ni uwekevu.

Katika nchi ya Masasi na Newala kazi za chombo hiki si za kubahatisha. Chini ya genge, huko Ndanda, ambako watawa Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1906, maji ya chemchemi yametiwa chupani na kuuzwa katika mikoa ya kusini. Na katika kazi ya maji ya chupa, popote ifanywapo, desturi ni kupanga makasha kwa daraja, la mikroni nyingi likitangulia na la mikroni moja au chini yake likifuata, kisha taa ya miale ya urujuanimno au gesi ya ozoni kumaliza vijidudu vilivyosalia. Hospitali zinazosafisha damu za wagonjwa wa figo huhitaji zaidi ya lita 100 za maji kwa mgonjwa mmoja kwa kikao kimoja, nayo hupita katika makasha ya namna hii kabla ya kufikia tando laini zaidi. Viwanda vinavyopika korosho kwa mvuke hulinda boila zao kwa maji yaliyochujwa, kwa kuwa tope likiganda katika mirija ya boila huzuia joto na hatimaye huipasua.

Korosho yenyewe hutufunza mpaka wa chombo hiki. Ganda lake lina mafuta mazito, meusi na makali, yanayobabua ngozi ya mbanguaji, na ambayo yakikamuliwa huwa malighafi ya rangi, vanishi na bitana za breki. Mafuta hayo yanapotoka katika mashine huwa na vumbi la maganda kwa wingi mno, na kuyapeleka moja kwa moja katika katriji ni kuiua kwa dakika chache. Hutangulizwa matangi ya kutuliza, mashine za kukamua kwa vitambaa au mifuko ya kuchujia, na katriji huja mwisho, ikiwa yahitajika, mafuta yakiwa yamepashwa moto ili yawe mepesi. Kasha lake haliwezi kuwa la plastiki laini wala oringi zake za mpira wa kawaida, kwa sababu tindikali na joto huviharibu. Hutakiwa chuma kisichoshika kutu na mpira wa namna inayostahimili kemikali. Kwa hiyo swali la kwanza la muuza filta mwaminifu si bei: ni kuuliza unachuja nini, kina joto gani, kina uzito gani, na mkandamizo wako ni baa ngapi.

Na nyumbani je? Uwandani watu wengi huvuna mvua kutoka mapaatini na kuihifadhi katika matangi ya saruji yaliyochimbiwa chini au katika simtanki, na kasha dogo la katriji moja baada ya tangi ni msaada wa haki kwa kuondoa majani, vumbi na viluwiluwi. Lakini asidanganyike mtu: katriji ya mikroni 5 haizuii kidudu cha kipindupindu, wala ile ya makaa, inayoondoa harufu na ladha ya klorini, haiui chochote, bali ikiachwa muda mrefu huwa kiota cha vijidudu kwa sababu imeondoa ile klorini iliyokuwa ikivizuia. Maji ya kunywa baada ya kuchujwa yachemshwe au yatiwe dawa. Wala asiye na fedha ya filta asikate tamaa: utafiti uliofanywa Bangladesh chini ya Rita Colwell, ukatangazwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara nyingi vilipunguza kipindupindu kwa asilimia 48 hivi, kwa sababu vidudu hivyo hushikamana na viumbe vya majini vilivyo vikubwa kuliko vyenyewe. Kanga kuukuu iliyofuliwa, iliyokunjwa mara nne hata nane, ni mwanzo mwema, mradi kuchemsha kufuate.

Imebaki nasaha moja, nayo yatoka katika tarihi ya huku huku kusini. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilijenga viwanda kadhaa vya kubangua korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa mashine za Italia na Japani, Newala ikapata viwili na Masasi kimoja. Lakini mavuno yaliyokuwa yamefikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 yaliporomoka, na mashine zile kubwa, ambazo vipuri vyake vilihitaji fedha za kigeni, zilinyamaza moja baada ya nyingine. Sababu zilikuwa nyingi, na kipuri kilikuwa moja yao. Basi anayenunua kasha la filta kwa ajili ya kiwanda, hospitali au shule leo na achague lenye vipimo vinavyokubaliwa na watengenezaji wengi, asichukue lile ambalo katriji yake hutoka kwa mtengenezaji mmoja tu wa ng'ambo. Na siku ile ile ya kununua anunue geji mbili, oringi za akiba, ufunguo wake na katriji za mwaka mzima, kwa kuwa gari kutoka Dar es Salaam halitangojwa na mgonjwa.

Nawaomba wakuu wa shule za ufundi na vyuo vyetu vya mikoa ya Mtwara na Lindi waifundishe kazi hii kwa vijana wao, kwa mikono na kwa daftari, kama wanavyofundisha uashi na useremala. Nawaomba wenye viwanda wamlipe vizuri yule kijana anayesoma geji kila asubuhi, maana afya ya wateja wao imo mkononi mwake. Na wewe msomaji, popote utakapoliona kasha la filta ukutani, liulize maswali matatu: ni mikroni ngapi, lina geji ngapi, na lilifunguliwa lini. Likikosa jibu la moja kati ya hayo, usiyanywe maji yake mpaka yachemshwe.